Vyuma Visivyoonekana

"Kati ya hivi viwili, ni kipi mtu hawezi kukiona hata akinikaribia hivi?" Waringa aliuliza, akiweka kiganja mbele ya mdomo wake.

Daktari Elsie Matheka alimtazama usoni kwanza. Katika miaka kumi na miwili ya kunyoosha meno ya watu hapo Donholm, alikwisha kuulizwa swali hilo na maharusi, na wahubiri, na mwalimu mkuu mmoja aliyeogopa kuchekwa na wanafunzi wake. Wote waliuliza wakitabasamu. Huyu hakutabasamu. Chini ya jicho lake la kushoto palikuwa na alama ya kuvilia damu iliyoanza kugeuka manjano, na jino moja la mbele lilikuwa limesukumwa ndani.

Kwenye fomu alijaza umri wa miaka thelathini na mitatu, muuza mboga soko la Jericho, makazi Kayole. Palipotakiwa jina la mtu wa karibu, aliacha wazi.

"Vyote viwili havionekani," daktari alisema, akimpa sampuli mkononi. "Hiki ni kifuniko cha plastiki angavu. Unakivaa juu ya meno mchana na usiku, unakivua wakati wa kula na kupiga mswaki tu. Hivi vingine ni vyuma, ila vinagandishwa nyuma ya meno, upande wa ulimi. Hivyo havivuliwi mpaka siku nitakayovitoa mimi."

Waringa alikigeuzageuza kile cha plastiki. "Nikikivua, nakiweka wapi?"

"Kina kikasha chake. Unakitia kwenye mkoba."

"Mkoba wangu hupekuliwa."

Alisema hivyo tu, kama mtu anayesema leo kuna jua. Kisha akainuka, akasogea dirishani na kuchungulia chini. Daktari naye akachungulia. Ng'ambo ya barabara, kando ya duka la dawa, mwanamume mwenye mabega mapana alikuwa amesimama, mikono mifukoni, macho ameyaelekeza juu kwenye dirisha lao.

"Ni wako yule?"

"Nimekuja naye." Waringa alirudi kitini. "Hivi vya nyuma. Nikipigwa nikiwa navyo, itakuwaje?"

Daktari aliweka koleo chini.

"Vitakukata ulimi. Vibaya. Nani anakupiga, Waringa?"

"Nimeuliza tu."

"Mimi siulizi tu."

Waringa alitazama dari. "Niwekee vya nyuma, daktari. Ulimi utapona."

Mwaka uliopita daktari alikuwa amenyamaza mbele ya mgonjwa mwingine mwenye alama kama hizo usoni, na mgonjwa huyo hakurudi tena. Hakuna siku iliyopita bila yeye kumkumbuka. Safari hii alisogeza kiti chake, akasema kwa sauti ya chini, "Nisikilize. Nina rafiki hapa karibu anayewapokea akina mama wanaokimbia kipigo nyumbani. Nikimpigia sasa hivi, atakuja na gari. Huna haja ya kupita pale aliposimama yule."

Waringa alifungua mdomo kujibu. Hapo hapo wakasikia viatu vizito vikipanda ngazi.

Daktari alitupa jicho dirishani. Kando ya duka la dawa hapakuwa na mtu.

Aliufikia mlango kwa hatua mbili, akazungusha ufunguo, akauegemea kwa mgongo. Mlango ukagongwa mara tatu.

"Daktari! Bado hujamaliza na msichana wangu?"

"Hatoki hapa!" Daktari alishangazwa na ukali wa sauti yake mwenyewe. "Na polisi nimeshawapigia simu!" Hakuwa amempigia yeyote.

Kutoka nje ile sauti ikauliza, polepole, "Polisi? Kwa sababu ya jino?"

Nyuma yake, kwa mara ya kwanza, Waringa alicheka, akaufunika mdomo kwa mkono. "Mfungulie tu, daktari. Ni Kocha Opicho. Kocha wangu wa ngumi."

Mwanamume aliyeingia alikuwa amevaa suti ya mazoezi ya klabu. Mkononi alishika kile kipande cha mpira ambacho mabondia huvaa kulinda meno. "Nimeleta kinga yake, nikadhani utataka kuipima," alisema, akiutazama ufunguo mlangoni kwa wasiwasi. "Jumamosi ana fainali Jericho. Utatusamehe kwa kuja kichinichini hivi. Mumewe hataki kusikia habari za ngumi. Akijua tu, mchezo umekwisha."

Daktari aliketi. Ngumi! Kumbe ndiyo maana ya lile jino, na lile jicho, na ule mkoba wa kupekuliwa. Alicheka mpaka akatokwa machozi, akiomba radhi, na kocha akacheka pamoja naye. Waringa alikuwa ameacha kucheka.

"Basi jambo ni jepesi," daktari alisema, akijifuta macho. "Bondia nampa kile cha plastiki. Ukiingia ulingoni unakivua, kocha anakushikia pamoja na kikasha chake, unavaa kinga yako, na ulimi unabaki salama. Ila wewe kocha, tafadhali mfundishe kukinga uso. Jino hilo likipigwa tena, kazi yangu yote itakuwa bure."

"Uso?" Kocha Opicho nusura akasirike. "Daktari, tangu mwaka huu uanze hakuna ngumi hata moja iliyomfika huyu usoni. Waulize wote waliojaribu. Jino na jicho hilo, kaniambia mwenyewe, ni ngazi za nyumbani kwao Kayole. Tangu Pasaka, zimemwangusha mara tatu."