Hina ya Kwendea

Eda ya mumewe ilikwisha jana. Leo alfajiri Batuli, mchora hina wa maarusi, alijichora kiganja cha kushoto njia ya safari yake ya kwanza ya Ulaya: Lizboni chini ya kidole gumba, Madridi, Parisi, mpaka Amsterdamu kwenye ncha ya kidole kirefu.

Adhuhuri kaka yake akaingia, hina imeshakauka.

"Mjane wa jana! Wajipambia nani?"

"Najipambia ndia ya Ulaya."

"Huendi popote. Kaoshe!"

Batuli akasugua mkono kwenye beseni mbele ya kaka yake mpaka hina kavu ikabanduka yote. Miji ilibaki palepale, imekolea.

Akanyanyua mkono wa kulia, mtupu.

"Huu ni wa kurudi. Ukizidi kelele, siuchori."