Msichana wa Pembeni

Msichana yule pichani alikwishabadilishwa mara mbili, na jina lake bado halijulikani.

Picha ni ya Asunción, Paraguay, mwaka 1972. Mwasisi wa idara ya sosholojia yuko katikati ya wanafunzi wake, kikombe kimoja cha terere, chai yao baridi ya majani, kinazunguka, na pembeni msichana anaandika daftarini. Wasomi walipokuwa wanabishania matabaka, chini ya picha waliandika "mfanyakazi". Ubishi ulipohamia kwa wenyeji wa asili, akawa "binti wa Kiguarani". Sasa ubishi ni kuhusu wanawake, na Profesa Mirtha Ovelar ameapa kwamba mwasisi hasa ni huyu, wanaume walimfuta.

"Kitabu cha historia ya idara yetu kinakwenda kuchapwa kesho," Profesa Cástulo, mwenzake idarani, alimcheka. "Huna jina, huna sura ya kwanza. Sura ni yangu."

Alasiri hiyohiyo Mirtha akaingia na msichana mwenyewe: Ña Deolinda, yaani Bi Deolinda, sasa bibi wa miaka sabini na minne, miwani myeusi, daftari kuukuu kwapani. Alichagua kiti cha karibu na mlango.

"Haya mwambie, Ña Deolinda. Nani aliandika?"

"Mimi, mwanangu. Kila Alhamisi, miaka minne. Nani kasema nini, nani kamjibu, nani kanyamaza."

"Na wanaume walikutambua?"

"Wapi! Kila mmoja alidhani mimi mchumba wa mwenzake."

"Unasikia, Cástulo? Mchumba!"

Cástulo alifunua daftari. Tarehe, saa, kila neno, hata nani alikohoa. Mwasisi mwenyewe hakuwahi kuandika hivi.

"Mbona hukuweka jina lako, mama?" aliuliza, sauti imeshuka.

"Halikuruhusiwa."

Mirtha alitokwa na machozi. Cástulo akanyoosha mikono juu. "Basi, sura ni yako. Huyu ndiye mtafiti, sisi wengine tunapiga domo."

Terere ikazunguka. Ña Deolinda alifyonza, akasifu majani, akauliza kama bado wanakutana Alhamisi, na wanakuja akina nani. Walimtajia wote, kwa fahari, na anwani zao.

Mirtha akafungua ukurasa wa mwisho, aupige picha ya jalada. Chini kabisa, kwa mwandiko uleule, paliandikwa: "Kwa Kanali, Polisi wa Siri. Naomba penseli nyingine, hii imeisha."

Alipoinua macho, Ña Deolinda alikuwa na daftari jipya magotini, analamba ncha ya penseli.

"Endeleeni tu, wanangu," alisema. "Msinijali."