Ndege Imegeuka

Kidole kilimdunga tena kisogoni, kupitia mgongo wa kiti, na Breki akageuka akiwa amekunja ngumi.

"Bwana wewe, hiyo ni skrini, si kengele ya mlango!"

"Haisikii mpaka ibonyezwe kwa nguvu," alijibu mwuza matairi aliyeketi nyuma yake, jasho likimtoka. "Nikiigusa polepole inanitangazia manukato. Nikiikandamiza inazima. Sasa nifanyeje, niibembeleze?"

"Nidunge tena uone. Nitakivunja hicho kidole."

"Baba watoto," mkewe akamvuta shati, "tunakwenda kumwona mjukuu, hatuendi vitani."

Breki akageuka mbele. Alikuwa ameendesha malori maisha yake yote, na jina hilo alibandikwa na wenzake kwa sababu breki ndicho kitu pekee garini ambacho hakuwahi kukikanyaga kwa hiari. Kukaa tu, huku anaendeshwa na mtu asiyemwona, kulimtesa kuliko njaa. Na skrini yake nayo ilikuwa imemchosha tangu asubuhi. Filamu ilikwama watu wakiwa wameachama midomo. Ikazima, ikawaka, ikaanza upya kwa lugha asiyoijua. Mwishowe akaiacha kwenye ramani: kindege cheupe kikitambaa juu ya nchi kavu, kuelekea kwa binti yake. Hiyo angalau aliielewa. Dirishani hapakuwa na cha kutazama ila mawingu.

Mara kindege kikageuka.

Breki akasogeza uso. Kilipinda, kikaiacha nchi kavu, kikashika njia ya baharini. Akatazama skrini ya mkewe. Vilevile. Akainuka, akachungulia safu ya mbele. Vilevile. Na ndege yenyewe ilikuwa inashuka. Masikio yake yalianza kuziba.

"Tunapelekwa wapi?" aliuliza kwa sauti.

"Hata mimi nimeona," alisema mwuza matairi. Ukali wote ulikuwa umemtoka. "Huko hakuna uwanja wa ndege. Huko ni maji matupu."

Neno "maji" likaruka kutoka kiti hadi kiti. Mtu akapiga yowe. Mtoto akaanza kulia, kisha wakalia wengi. Mhudumu akaja mbio, tabasamu lote limemkauka.

"Kaeni! Fungeni mikanda, tafadhali!"

Mikono yake ilikuwa inatetemeka, na Breki aliiona.

"Mnamwona? Huyu ameshatishwa na watekaji," akasema.

Mhudumu alikimbilia simu ya ukutani. "Skrini—" ndilo neno pekee alilowahi kutamka. Mwuza matairi alimpokonya mkono wa simu, akaung'oa na waya wake.

"Unataka wajue kwamba tumejua?" alimfokea, akamsukuma. Mhudumu alianguka, kichwa kikagonga kona ya toroli la vinywaji, akalala hapohapo.

Ndipo mlango wa chumba cha marubani ulipofunguka.

Alitoka mwanamume mwembamba aliyevaa sweta la kijivu, limefungwa hadi shingoni. Akaufunga mlango nyuma yake, akawatazama wote, akamtazama mhudumu aliyekuwa chini. Uso ukambadilika.

"Kila mtu akae alipo," alisema. "Mkikaa, hakuna atakayeumia."

Breki alimpiga ngumi moja tu, ile ya vituo vya malori, na taya la yule mtu likalia kama kuni kavu. Alianguka kwa magoti. Alijaribu kusema, lakini kilichotoka kilikuwa damu na jino. Akageuka, akaanza kutambaa kuelekea mlangoni.

"Anarudi! Msimwache aingie!"

Wakamvuta miguu. Mwuza matairi alimtwanga mgongoni kwa ule mkono wa simu, akamtwanga tena, mpaka plastiki ikapasuka mkononi mwake. Wengine walimpiga mateke kwa zamu, maana njia ilikuwa nyembamba. Hata mke wa Breki, mtu wa kuomba radhi akimkanyaga paka, alivua kiatu akampiga nacho usoni huku analia, "Nina mjukuu, mimi! Nina mjukuu!"

Breki alimkalia kifuani, akavua mkanda wa suruali, akamzungushia shingoni. Mtu yule alijigusa kifua kwa kidole. Akauonyesha mlango. Akajigusa tena. Macho yalimtoka, yakimwangalia Breki kama anayemwomba amsubiri kidogo tu amalize maneno yake. Breki alifumba macho yake mwenyewe, akavuta. Alivuta mpaka mikono ikafa ganzi na visigino vilivyokuwa vikipiga sakafu vikanyamaza.

"Tayari," alisema, akihema.

Watu wakakumbatiana. Mwuza matairi alimshika Breki begani. "Kaka," alimwambia, "umetuokoa."

Nje, mawingu yalikatika. Breki akainama dirishani aitazame bahari.

Chini palikuwa na mapaa ya mabati yaking'aa juani, uwanja wa mpira, na barabara pana yenye magari mengi.

Kipaza sauti kikakwaruza.

"Abiria wapendwa, ni rubani wenu. Tunafika salama, na kwa wakati. Poleni kwa usumbufu wa skrini, tumeambiwa zinaonyesha ramani ya safari nyingine. Nimemtuma rubani mwenzangu aje awaondoe hofu. Sasa namhitaji huku ili tutue, kwa hiyo tafadhalini, mpisheni arudi."