Ujumbe wa Saa Sita

Kidole cha kwanza kilivunjika kabla fundi simu hajamaliza kusema karibu.

Muuza nyama aliingia na aproni yake yenye damu, akafunga mlango wa duka kwa teke, akamlaza fundi kifudifudi juu ya meza ya kazi, katikati ya bisibisi na vioo vya simu. Goti akaliweka mgongoni. Mkono ukakamata kidole cha pili.

"Yuko wapi?"

"Nani?"

Kidole cha pili nacho kikaenda. Maswali mengine si ya kuuliza ukiwa umekandamizwa hivyo.

Nani tena, kama si yule mshonaji aliyeanzisha kundi la mtandaoni la mafundi cherehani? Jumatatu moja aliwaaga wenzake kwa maandishi: ameondoka, yuko mbali, asitafutwe. Washonaji wakaelewa, mwanamke hakimbii hivyo bila mkono mzito nyuma yake. Tangu hapo miezi miwili hakuna aliyemtia machoni, ila mara tatu kwa siku aliwaandikia: namna ya kukata kola, namna ya kuficha mshono, jipeni moyo. Kundi lililokuwa na watu arobaini wavivu wa kujibu sasa lilikuwa na elfu mbili, na wote walimwita dada.

"Siwezi kusema," fundi aligumia. "Nilimwahidi. Jiangalie ulivyo, nani asikuogope?"

Kwa mtu mwembamba kama yeye, ule ulikuwa ujasiri. Muuza nyama alimshika nywele akampigiza uso mezani. Jino likaruka, likatua kwenye kopo la skrubu.

"Anaandikia wapi?"

Maumivu yalimshinda fundi. "Hatumi yeye. Ni programu. Ananiletea maneno kutoka huko aliko, mimi nayapanga, yanajituma yenyewe. Ndiyo maana kundi limekua, halilali. Jumatatu ile aliamka akaondoka ghafla, sikumzuia. Mwache apumue, bwana."

 Machozi yalimlengalenga muuza nyama, na wateja wake wasingeamini. Miezi miwili alikuwa akiyasoma maneno yale asubuhi, mchana na jioni, akijifariji kwamba yupo.

Saa sita kamili simu ikatetemeka kwenye aproni. Ujumbe mpya kundini: *Mimi mzima, wapenzi. Leo tushone mifuko.* Mikono yote miwili ya fundi ilikuwa imebanwa mezani.

"Fungua hiyo programu."

Fundi aliachiwa mkono mmoja, akaifungua kwenye simu yake kwa kidole gumba, akiona ahueni. Orodha ikatokea: kila ujumbe, siku ulipoandikwa na siku ulipotumwa. Muuza nyama aliishusha taratibu mpaka ule wa mwanzo kabisa, wa kuaga. Ulitumwa Jumatatu. Akasoma mara mbili siku ulipoandikwa, kisha akachomoa kisu cha mifupa kiunoni na kukilaza kwenye shingo ya fundi.

"Huu umeuandika Ijumaa," alisema. "Jumapili yake dada yangu alikupakulia chakula mbele yangu, akacheka na sisi. Wala hakujua kwamba ameshaondoka, shemeji."