Mahindi ya Jaladani

Palikuwa na Nungunungu aliyechoka kuzika jamaa walionaswa shambani. Akaandika kitabu cha kufundisha namna ya kuepuka mitego, na juu ya jalada akachora tanzi la kamba. Kila mnyama aliyekiona alitimua mbio.

"Mama, kitabu gani hiki cha kunyonga watu?" alicheka Ngedere, mlafi kuliko wote. "Kikininasa utanifungua wewe?"

Kanga, aliyejua mambo ya sokoni, akamwambia Nungunungu, "Dada, futa hilo tanzi. Chora mahindi."

"Lakini ndani hamna mahindi."

"Ndani kwenyewe nani amefika?"

Nungunungu akanung'unika, ila akachora hindi bichi lililomenywa nusu. Rangi haijakauka, Ngedere akakinyakua kitabu, akakipekua mpaka mwisho.

"Mwongo we! Mahindi yako wapi?"

"Hakuna," alijibu Nungunungu. "Na mwenye shamba naye hukuita mtegoni hivyohivyo. Maadamu umeshakuja, kaa usome."

Ngedere akatazama jalada, akatazama mkono wake ulivyolishika, akakaa.

Msimu ule shambani walinaswa wageni tu, wasiokisoma kitabu.