Vijiwe vya Mtetea

Alikuwapo kuku mmoja, Mtetea, mnene kama kinu, na atakayebisha akawaulize majirani. Siku moja Njiwa, mwenye maneno matamu, akamwambia, "Shoga, mwili wako umejaa sumu. Siku hizi wenye afya zao wote wanajisafisha."

Akamnywesha maji ya shubiri. Mtetea akaharisha mpaka vijiwe vyote vya kwenye firigisi vikatoka.

"Makubwa!" Njiwa akasema. "Kumbe ulibeba machimbo tumboni!"

Mtetea akajiona mwepesi, akawaringia bata. Lakini mambo yakamchanganya. Anakula mahindi mpaka koo linavimba, hayasagiki, na njaa bado inamuuma. Akaacha kutaga, na mwenye nyumba akabandika maji ya kumnyonyolea.

Akamkimbilia Njiwa nyuma ya banda. Akamkuta anaokota vile vijiwe, anavimeza.

"Wewe! Si ulisema ni sumu?"

"Kwako ni sumu, bibie," Njiwa akajibu akipaa. "Kwangu ni meno."

Mtetea akajiuliza. Ina maana alikuwa na meno maisha yake yote, akayaharisha mwenyewe, tena akashukuru? Akaanza kumeza changarawe ya uwanja mzima.

Bata akapita. "Shoga, hiyo ndiyo dawa mpya?"

"Sijui," Mtetea akasema, mdomo umejaa mchanga. "Hata ile ya kwanza sijui ilikuwa ya nini."

Maji hayajachemka, akataga yai kubwa kama nazi. Mwenye nyumba akatia majani, akanywa chai.