Kung'uto Lililooshwa

"Kung'uto la pombe umeliosha kwa sabuni?" Bi Masalu alimfokea mkamwana wake, Kabula. "Unataka walevi watoe povu puani? Jamani, mwanangu kaoa dobi!"

Mashoga zake waliojaa uani wakaangua kicheko. Kabula alidhani ule uchachu wa chachu iliyoganda kwenye kung'uto ni uchafu. Sasa pombe ya mtama ilikuwa tayari kuchujwa, na akishindwa mtihani huu wa mkamwana atarudishwa kwao.

"Haya, chagua chujio jingine," mama mkwe alisema akibinua mdomo. "Chandarua kikuukuu, au gunia la mbolea. Vyote saizi yako."

Kabula akaivuta kanga ya sikukuu mabegani mwa mama mkwe, akaitandaza mdomoni mwa mtungi, akamimina. Machicha yakatuama juu ya maua mekundu. Chini yake, pombe ikaanza kudondoka.